Mahali pa Jina

Achieng' mwanangu,

Barua huanza kwa kuuliza hali ya mpokeaji, lakini hali yako naiona kwa dirisha. Umeketi nje na mama yako, mnatoa magamba ya samaki wa kukuaga, na mnaongea kwa sauti ya chini kama watu walio na mgonjwa ndani. Mgonjwa mwenyewe ni mimi. Kesho asubuhi unapanda ndege ya Nairobi, halafu ile kubwa ya kwenda Norwei, na tangu ile sherehe ya Milimani mimi nawe tunakula meza moja kama abiria wasiojuana. Nipe chumvi. Chumvi hii, Baba. Basi, maongezi yameisha.

Mambo ya koti, pasipoti na kumpigia shangazi yako simu ukifika, mama yako amekwambia mpaka umechoka. Mimi siyagusi. Nimekaa kuandika kwa sababu nikifungua mdomo nitafoka, na nikifoka utalia, na ukilia nitakubembeleza kabla sijamaliza kusema ninachotaka kusema. Nakujua, na najijua. Naandika Kiswahili, si Dholuo, ingawa Dholuo ingekufikia haraka zaidi. Kiswahili nilikifundisha darasani maisha yangu yote ya kazi. Kinanisaidia kushika jambo la moto, kama mama yako anavyoshika sufuria kwa kitambaa.

Nianze na Okoth, maana ni kwake unakokwenda.

Jina lake ni Halvard, lakini hapa Dunga hakuna aliyeliweza. Alifika mvua ikinyesha, gari lake likakwama kwenye matope mbele ya boma letu, na kwetu mtoto anayefika na mvua huitwa Okoth. Basi naye akaitwa Okoth, ingawa alikuwa na mvi tayari. Wewe ulikuwa darasa la pili. Mama yako alipomtambulisha kwako alicheka sana: Achieng' wa jua na Okoth wa mvua nyumba moja, leo fisi anazaa, kama wasemavyo jua likiwaka mvua ikinyesha. Mgeni wetu alikuwa amevaa soksi za sufu alizofumiwa na mama yake, katika joto hili la Kisumu, na tulipompa omena, dagaa wetu wa ziwani, aling'oa vichwa kimoja kimoja akavipanga ukingoni mwa sahani. Mwaka uliofuata alikuwa anavila vichwa na kuomba vingine.

Usiku mmoja hautoshi kukueleza maisha ya mtu, lakini ya kwake nayajua kama ya ndugu yangu, kwa hiyo nikueleze machache ambayo huenda hakukuambia. Alizaliwa kwenye bonde ambalo milima imelibana pande zote. Wakati wa baridi jua halifiki chini kabisa, wanaliona tu likigusa vilele. Babu yake alikuwa mpiga fidla, ile fidla yao yenye nyuzi nyingine zilizojificha chini ya zile zinazopigwa. Hakuna anayezigusa, lakini ukipiga za juu, za chini nazo zinalia zenyewe. Wahubiri wa huko walisema Shetani anakaa ndani yake. Watu wakazichoma fidla zao. Babu yake aliificha ya kwake chini ya mbao za sakafu, na mjukuu akaikuta akiwa mtoto, akaitoa.

Aliponisimulia hayo nilimletea orutu yangu, fidla yetu ya uzi mmoja, nikamwambia kwamba mchungaji wetu aliiita redio ya walevi. Tukashikana mikono tukacheka mpaka tukakohoa. Kuanzia hapo alikuwa mtu wangu. Kwao alikuwa mwalimu katika shule ya muziki isiyo na mtihani wala cheti, vijana wanakaa mwaka mzima, wanapika pamoja, wanapiga pamoja, halafu wanarudi makwao. Mimi niliyezeeka nikisahihisha mitihani nilidhani ananitania. Alikuwa akija kila mwaka na vijana wake, anakaa barazani kwetu na orutu mapajani, na mbele yao wote ananiita mwalimu wangu. Kichwa kikanivimba, sikufichi. Mzungu mwenye mvi kuniita mwalimu wake, na majirani wanasikia!

Lakini kilichonifanya nimwamini si hicho. Ni majina. Okoth hakuwahi kupiga wimbo bila kwanza kusema ameupata kwa nani. Huu nimeupata kwa mkata mbao wa ng'ambo ya mlima, naye aliupata kwa mkunga, na mkunga aliupata kwa mwombaji aliyepita wakati wa theluji. Halafu ndipo anaweka upinde. Alisema kwao mtu anayepiga wimbo bila kutaja alikoupata ni kama mtu anayekula kwa watu na kuondoka bila kuaga. Nikamwambia ndugu yangu, hata sisi tuna kitu hicho, tunakiita pakruok. Ngoma inasimamishwa katikati, mtu anasimama anajisifu au anamsifu rafiki yake kwa majina yake yote, ndipo ngoma iendelee. Wimbo usiotaja mtu, kwetu, ni kelele tu za uzi. Tulielewana kwa jambo hilo kuliko kwa jambo lolote lingine. Ndiyo sababu siwezi kusema hakujua.

Sasa wimbo wenyewe. Unaujua, lakini hujui ulivyozaliwa, kwa sababu na wewe ulikuwa unazaliwa. Ilikuwa mchana, jua limesimama utosini, na wanawake walikuwa wamenifukuza nyumbani. Nikakaa nje na orutu. Niliogopa, na mtu mwenye woga hupiga kitu kimoja tu, tena na tena. Nikapiga vile mpaka nikasikia ukilia. Mkono ukasimama wenyewe. Halafu nikaendelea pale pale nilipoachia. Baadaye, nilipoutengeneza wimbo vizuri, niliiacha ile nafasi, na ndani yake nikaweka jina lako: Achieng', nyar Dunga. Binti wa Dunga.

Ulipoanza kutembea tukaufanya mchezo. Mimi napiga, nafika pale, nasimama, naita. Na wewe popote ulipo, jikoni, chooni, kwa jirani, unaitika: "An ka!" Niko hapa. Siku nyingine ulikuwa umenuna, hutaki kuitika, nami nakaa na upinde hewani nikingoja, mpaka mama yako apige kelele kwamba mwitikie huyo mzee, chakula kinapoa.

Okoth aliuona mchezo huo kwa macho yake. Siku ya kwanza aliniuliza kwa nini nasimama hapo. Nikamwambia hapo ndipo mtoto anapoitwa. Alivua miwani akapangusa macho. Sasa niambie, mtu aliyelizwa na jambo anaweza kulisahau?

Aliniuliza pia wimbo ni wa nani, na hapo ndipo nilipojikwaa. Nilimjibu, "Ni wa kwetu."

Wewe unajua maana yake. Mtu mwenye adabu hasemi wangu, wangu, kama mtoto aliyenyang'anywa muwa. Nyumba niliyoijenga kwa mikono yangu naiita kwetu. Ng'ombe ni wetu. Hata mama yako, ukoo mzima unamwita bibi yetu, na hakuna aliyewahi kuja kudai kipande chake. Ukisema ni wa kwetu, mwenzako anatakiwa akuulize mara ya pili, kwenu kwa nani, ndipo useme jina bila kuonekana unajivuna. Hivyo ndivyo tunavyoongea. Okoth hakuuliza mara ya pili.

Halafu ikaja ile sherehe ya Milimani. Unakumbuka nilivyojiandaa, shati nimepiga pasi mwenyewe, viatu vinang'aa. Bwana mmoja mkubwa alikuwa anampongeza binti yake kwa kumaliza chuo, na mimi nilialikwa nipige kidogo kabla ya chakula. Nimekaa chini ya hema nangoja zamu yangu, kijana mmoja akaunganisha simu yake na spika. Nikasikia wimbo wangu. Ile fidla ya nyuzi za chini ilikuwa mbele, na vijana wengi nyuma yake, na walikuwa wanapiga vizuri, sitadanganya.

Nikainuka nikamwambia yule kijana huo ni wimbo wangu. Alinitazama kwa ile heshima wanayopewa wazee waliokunywa, akanionyesha simu. Picha ya ziwa, jina la Okoth, na chini yake: wimbo wa jadi wa Ziwa Victoria, mtunzi hajulikani. Hajulikani! Nami nimesimama hapo hapo, napumua. Sikuwa na la kufanya ila kushika orutu nikapiga, wasikie wenyewe. Walipiga makofi. Mwenye nyumba akanishika bega akasema, "Mzee, umewaiga vizuri sana hao Wanorwei. Kidogo tu uwafikie."

Na mama mmoja, mtu mpole, alinivuta kando akaniambia kinachompendeza zaidi ni kile kimya cha katikati, jinsi muziki unavyosimama halafu unaendelea. Alisema kina hisia nyingi. Ni kile kimya chako, Achieng'. Walikirekodi vizuri, wakakipima, hawakukosea hata kidogo, isipokuwa hawakutia mtu ndani yake.

Hayo ningeyabeba. Mgeni hata akila vichwa vya omena ni mgeni, na ningejiambia nimeumwa na mtu wa mbali. Lakini nilimwomba yule kijana arudie, nisikilize tena, na mara ya pili nikasikia kwamba nyuma ya fidla zote kulikuwa na orutu. Kuna mkono mmoja tu duniani unaorudisha upinde nyuma kidogo kabla ya sauti ya mwisho, kama mtu anayejikwaa mlangoni. Nimeukaripia mkono huo tangu ukiwa mdogo. Nilikuambia acha hiyo, watu watadhani orutu yako ina kwikwi. Hukuacha. Basi kwikwi yako ndiyo iliyonisalimia Milimani, mbele ya watu, na sikuweza kumwambia mtu yeyote nimeisikia.

Siku zile za kurekodi, sasa najua, uliniambia unakwenda Nakuru kwa harusi ya rafiki yako. Nilikuchumia maparachichi umpelekee bibi harusi, nikayafunga kwa gazeti yasipondeke njiani. Maparachichi yale aliyala nani, Achieng'?

Na pale wimbo uliponyamaza, wewe ulikuwepo. Umeshika upinde. Jina lililokuwa linangojwa hapo ni lako, na hukuliita wala hukuliitikia. Nimefundisha methali ya kikulacho ki nguoni mwako kwa watoto wengi sana. Niliwaeleza habari za chawa na kunguni. Sikufikiria kwamba nguo yenyewe mtu anaweza kuwa ameishona mwenyewe, akaifua, akaipeleka shule.

Nilipokuuliza hukukana. Hilo nakupa. Ulisimama mlangoni ukaniambia, "Baba, niliogopa ukijua hutaniacha niende." Ukasema ulimwuliza Okoth mbona jina langu halipo, naye akakujibu kwamba baba yako mwenyewe alisema ni wa kwetu, na nafasi yako katika shule yake ilikuwa tayari, ukaona uache. Nimeumwa na neno hilo, wa kwetu, kuliko yote. Yeye anaweza kudai hakulielewa. Wewe ulizaliwa ndani ya neno hilo.

Nilimpigia simu pia, hukujua. Alifurahi kusikia sauti yangu, kisha nilipomweleza akapunguza furaha. Akasema, "Mwalimu wangu, nilidhani ni wa watu wote." Nikamweleza habari za bibi yetu. Akasema watakaporudia kuutoa wimbo atarekebisha. Nikamwuliza, yule mkata mbao wenu, yule mkunga, hata yule mwombaji wa theluji, ambao wote wamekufa na majina yao mnayataja kila mnaposhika upinde, mbona wao hawakuwa watu wote? Akasema hiyo ni tofauti. Nikamwuliza tofauti yake ni nini. Mpaka leo hajanijibu.

Mama yako hapendi ninavyolibeba jambo hili. Aliniambia jana, akiwa anakanda unga wa chapati bila kuniangalia, "Baba Achieng', wimbo si ulimtungia yeye? Mtu huiba kilicho chake?" Nimezunguka na swali hilo kama mbwa anayetafuta pa kulala. Ni kweli ulikuwa wako. Ungeniambia, Baba, nataka kumpa Okoth wimbo wangu, ningenuna siku mbili kisha ningekupa na orutu ya kuupigia. Kuutoa ulikuwa na haki. Kunifungashia uongo na maparachichi yangu mwenyewe, hapana.

Usidhani nimekaa bila kufanya ujinga wangu. Wiki iliyopita nilichukua pasipoti yako nikaiweka chini ya godoro. Nililala juu yake mchana mzima, nikijiambia watu wanakosa ndege kila siku. Jioni nikairudisha. Mama yako aliniona naitoa, akaendelea kumenya viazi. Nilirudisha kwa sababu nilijiona nilivyo: mtu anayelia kwamba jina lake limefichwa, naye ameficha jina la mwanawe chini ya godoro, pamoja na picha yake.

Basi nenda. Okoth ni mwalimu mzuri, na kunikosea hakukumnyang'anya mkono wake. Jifunze kwake kila anachojua, hasa zile nyuzi za chini. Kula chakula chake. Ukimwona mnyonge wakati jua limekataa kushuka bondeni, mpigie kitu cha huku. Lakini usimshukuru mpaka shingo ipinde. Mimi nilishukuru sana kuitwa mwalimu, na ndiyo maana sikuuliza yule kijana wake aliyekuwa anarekodi barazani kwangu anarekodi kwa ajili ya nini. Niliona aibu kuuliza. Aibu hiyo imenigharimu, na sikutaka uirithi, lakini naona umeirithi pamoja na masikio yangu.

Bado nampenda mjinga yule, na hilo ndilo linaniuma. Mtu usiyempenda hawezi kukusaliti, anaweza kukuibia tu. Sasa jipime mwenyewe, ujue wewe umeniuma kiasi gani.

Juu ya sanduku lako utakuta kitu nimekifunga kwa leso ya mama yako. Ni orutu. Ile yangu ya ngozi ya kenge wangekunyang'anya uwanja wa ndege, maana ni mnyama wa porini, kwa hiyo hii nimeiwamba kwa ngozi ya mbuzi. Inalia kwa pua kidogo, lakini itazoea. Uzi ni wa breki ya baiskeli kama kawaida, na nimekuwekea mwingine wa akiba. Nimeitengeneza nikiwa na hasira tangu mwanzo hadi mwisho, na pahali pamoja utaona kisu kimeteleza. Usije ukadhani zawadi ni msamaha. Sijakusamehe bado. Kesho nitakuja uwanjani, nitabeba sanduku, na kama nitashindwa kuongea, usilazimishe. Nikikushika kichwa, jua nimesema nilichoweza.

Okoth aliwahi kuniambia kwamba kila mwanafunzi mpya, jioni ya kwanza, husimama mbele ya wenzake akapiga wimbo wa kwao na kusema ameupata kwa nani. Ndiyo desturi ya shule, na yeye mwenyewe hukaa kiti cha mbele. Piga wimbo wangu. Umeona? Nimeandika wangu.

Usiwe na ubishi, usimwaibishe, usimtazame kwa jicho baya. Kwikwi yako usiiache, nimeshindwa kuiondoa na sasa naogopa ukiiacha sitakujua tena. Piga tu kama ulivyofundishwa barazani. Ila ukifika pale wimbo unaponyamaza, wewe usinyamaze.

Ni mimi baba yako,
Nashon Odera wa Dunga,
mwenye wimbo.